Nyuzi za besi fupi: nikeli, chuma cha pua, flati au nailoni?

Ukiingia dukani na kuomba nyuzi za gitaa la besi, mara nyingi utapewa pakiti ileile: nyuzi nne za nikeli za besi ndefu. Ukisema yako ni fupi, utaambiwa, "Ni hizohizo, utazikata tu." Mwaka wangu wa kwanza wa kupiga besi nilipewa jibu hilo, nikanunua, nikaenda nyumbani na koleo. Uzi wa E, ule mnene kuliko wote, nilioukata ulikuwa bado mnene pale ulipofika kwenye kikazio, kile kifaa cha kukazia uzi kichwani mwa besi. Muda si mrefu waya wa nje ukaanza kujifungua kutokea kwenye mkato, ukalegea juu ya kiini chake, na uzi ukafa. Ukiupiga ulitoa "tup" moja, hauvumi. Ilikuwa Jumamosi jioni na ibada ilikuwa saa moja asubuhi. Nilipiga nyimbo zote kwa nyuzi tatu, nikitafuta noti za chini mahali ambapo hazipo.

Tangu hapo nimefunga aina zote nne za nyuzi ninazozieleza hapa, kwenye besi yangu na kwenye za vijana ninaowafundisha kwaya. Hakuna aina iliyomfaa kila mtu. Ila nimeona watu wengi wakipoteza fedha kwa kosa lilelile la kuangalia bei ya pakiti bila kuuliza pakiti hiyo itakaa miezi mingapi, na bila kuipima besi yao kwanza.

Besi fupi inataka nini

Urefu unaozungumzwa ni ule wa uzi unaotikisika: kuanzia kwenye nati, kile kipande cha mfupa au plastiki chenye mifereji minne mwanzoni mwa shingo, hadi kwenye daraja, kile chuma cha kwenye mwili wa besi ambacho nyuzi hupumzikia. Besi ya kawaida ina inchi 34, yaani sentimita 86 na kidogo, kipimo kilichozoeleka tangu Fender Precision ya 1951. Besi fupi ina inchi 30, sentimita 76. Humo wamo Höfner 500/1 yenye umbo la fidla, Gibson nyingi za ukoo wa EB zinazozidi hapo kwa nusu inchi, na Fender Mustang iliyotoka 1966. Ibanez Mikro, ambayo wazazi wengi huwanunulia watoto, ni fupi zaidi: inchi 28.6.

Inchi nne zinaonekana kidogo, lakini mvutano wa uzi hupungua kwa mraba wa urefu. Uzi uleule, ukikazwa hadi noti ileile, hupoteza karibu asilimia 22 ya mvutano ukitoka inchi 34 kwenda 30. Uzi wa E uliokuwa ukivuta kilo 18 sasa unavuta kilo 14. Kwenye Mikro upungufu unafika asilimia 29. Ndiyo maana besi fupi ni laini mkononi na noti zake za chini ni nene na za mviringo. Ndiyo maana pia uzi wa E ulio mwembamba mno hulegea, ukagonga freti, vile vipande vya chuma vilivyopita shingoni, na sauti yake ikayumba juu kila unapoukandamiza kwa nguvu.

Kwa hiyo soma namba kwenye pakiti. 45-100 maana yake uzi mwembamba una unene wa inchi 0.045 na mnene inchi 0.100, yaani milimita mbili na nusu. Mtu aliyezoea 45-100 kwenye besi ndefu, akitaka kuhisi ugumu unaokaribia ule kwenye besi fupi, achukue 50-105. Anayependa ulaini abaki alipo.

Vigezo nilivyotumia

Kila aina nimeitazama kwa mambo manne. Sauti, hasa inavyokaa ndani ya bendi yenye kinanda na ngoma. Mkono, maana yake ugumu wa kukandamiza, jinsi vidole vinavyohisi, na inavyokula freti. Umri, nikihesabu kwa jasho na hewa ya chumvi ya Dar es Salaam. Aliyeko Arusha au Nairobi ataongeza miezi. Na mfuko, kwa maana ya gharama kwa mwezi.

Jambo la tano linatangulia yote manne, nalo ni urefu wa uzi wenyewe. Chukua futi ya fundi cherehani. Pima kuanzia pale kitufe cha mwisho wa uzi kinapokaa hadi kwenye nati, kisha endelea hadi kwenye kikazio cha uzi wa E, halafu hadi kile cha uzi wa G, ule mwembamba kuliko wote. Sehemu nene ya uzi inatakiwa ipite nati, lakini iishe kabla ya kuzunguka kikazio. Ikiisha kabla ya nati, uzi ni mfupi mno. Ikifika kwenye kikazio ikiwa bado nene, ni mrefu mno. Besi yenye vikazio vinne upande mmoja ndiyo yenye mtego: kikazio cha E kiko karibu na nati, cha G kiko mbali, na pakiti moja lazima iwatosheleze wote wawili. Höfner na ndugu zake wana mtego mwingine, kwa kuwa uzi unaanzia kwenye mkia wa chuma nyuma ya daraja, na hiyo inaongeza sentimita kadhaa ambazo neno "fupi" kwenye pakiti halizihesabu. Vipimo hivi viandike kwenye simu. Muuzaji akikuuliza, unavyo.

Nikeli, waya wa mviringo

Hizi ndizo nyuzi za kawaida: kiini cha chuma kilichozungushiwa waya wa mviringo, kwa kawaida chuma kilichopakwa nikeli. Ukipitisha ukucha juu yake unasikia mkwaruzo.

*Sauti.* Ina mng'ao wa kutosha na kifua cha kutosha. Kwenye sebene, besi inapojibizana na gitaa la solo na kila noti inatakiwa itoke peke yake, nikeli hazikuangushi. Zikiwa mpya zinalia kidogo kama sahani; baada ya wiki mbili zinatulia, na kwangu hapo ndipo zinapokuwa tamu.

*Mkono.* Laini. Mtoto wa miaka kumi na miwili anazimudu. Freti zinalika taratibu. Mlio wa "fiii" unapoteleza kutoka noti moja kwenda nyingine utausikia, na kwenye nyimbo za pole kipaza sauti nacho kitausikia.

*Umri.* Huu ndio udhaifu wake. Jasho na ngozi iliyokufa huingia katikati ya mizunguko ya waya, uzi unakuwa mzito mahali pasipotakiwa, na mng'ao unakwenda. Kwangu, nikipiga mara tatu kwa wiki, miezi miwili ni mingi. Nikizifuta kila mara na kutodai mng'ao, naweza kuzivuta hadi minne.

*Mfuko.* Bei ya pakiti ni ya chini kuliko zote, na ndizo rahisi kupatikana. D'Addario wana EXL170S ya 45-100 iliyotengenezwa kwa besi fupi, na herufi S mwishoni ndiyo ya kuangalia. Ukikuta EXL170 bila S, hiyo ni ya besi ndefu hata kama pakiti zinafanana.

Chuma cha pua, waya wa mviringo

*Sauti.* Kali, yenye meno, inasikika hata ngoma zikizidi. Sauti hii ina historia yake: mwaka 1966 John Entwistle wa The Who alishirikiana na kiwanda cha Rotosound cha Uingereza kutafuta nyuzi zitakazolia kama piano upande wa chini, na Swing Bass zikatoka hapo. Besi fupi kwa asili ni butu kidogo, kwa hiyo chuma kinaweza kuirudishia makali inayoyakosa. Ninazipenda kwa kijana anayepiga kwa kidole gumba au kwa peki, kile kipande cha plastiki cha kupigia nyuzi.

*Mkono.* Zinakwaruza. Chuma cha pua ni kigumu kuliko nikeli, na freti za besi za bei nafuu ni laini. Ndani ya mwaka utaona vijishimo chini ya uzi wa G kwenye freti za mwanzo. Kubadilisha freti ni kazi ya fundi, na gharama yake inaweza kuzidi pakiti kadhaa za nyuzi. Hesabu hiyo iweke kichwani.

*Umri.* Hazishiki kutu kirahisi, na mtu ambaye jasho lake huharibu nikeli kwa wiki moja atapumua. Mng'ao wake wa mwanzo nao hupotea, ila unakuwa umeanzia juu zaidi.

*Mfuko.* Zinakaribiana na nikeli au zinazidi kidogo. Za urefu wa besi fupi ni adimu madukani kwetu. Mara nyingi utaagiza.

Flati

Hapa waya wa nje ni utepe bapa, na uzi ni laini kama kioo. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hili ndilo chaguo ambalo wapigaji wa kwetu wanalikimbia kwa bei, wakati kwa baadhi yao ndilo lingewaokoa.

*Sauti.* Butu kwa juu, nene katikati, "dumm" inayokwisha mapema na kuacha nafasi kwa wengine. Paul McCartney aliponunua Höfner yake Hamburg mwaka 1961, na kwenye rekodi za miaka iliyofuata, sauti unayoisikia ni ya besi fupi yenye flati. Kwenye rumba ya mwendo wa pole, kwaya, na taarabu ya kisasa, flati zinakaa chini ya sauti za watu bila kuzigusa. Kwenye sebene ya kasi zinaweza kuzama, na hapo itabidi upandishe sauti za kati kwenye amplifaya.

*Mkono.* Vidole vinateleza bila kelele na freti hazilalamiki. Ugumu ndio wa kuchunga. Flati nyingi huvuta kwa nguvu kuliko raundi, yaani nyuzi za waya wa mviringo, za unene uleule, lakini kwenye besi fupi hiyo inageuka kuwa faida, kwa sababu kilo zilizopotea kwa ufupi zinarudi na uzi wa E unasimama imara. Mwenye vidole dhaifu atafute nyepesi: La Bella wana seti ya 39-96 iliyotengenezwa kwa besi za umbo la fidla, na Jazz Flats za Thomastik-Infeld wa Vienna zinajulikana kwa ulaini, ingawa bei yake inauma.

*Umri.* Uchafu hauna pa kuingia, na sauti iliyo butu tangu mwanzo haina mng'ao mwingi wa kupoteza. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye rekodi za Motown, alifunga La Bella nene, 52-110, na hakuzibadilisha mpaka ukatike uzi. Yake ilikuwa besi ndefu, lakini somo la umri ni lilelile. Seti iliyo kwenye besi yangu sasa ina miaka mitatu na sijaifikiria. Kutu ya juu juu hutokea kwetu pwani. Kitambaa chenye tone la mafuta mepesi ya cherehani huiondoa.

*Mfuko.* Pakiti huwa karibu mara mbili ya nikeli, na Thomastik hupita hapo. Sasa fanya hesabu. Tuseme nikeli ni shilingi 70,000 na zinakaa miezi minne: hiyo ni 17,500 kwa mwezi. Tuseme flati ni 150,000 na zinakaa miezi 36: hazifiki 4,200 kwa mwezi. Namba hizo ni za mfano, weka za duka lako. Tatizo la kweli ni kwamba 150,000 inatakiwa yote siku moja, na wengi wetu tunalipwa onyesho kwa onyesho. Anayeweza kuiweka kidogo kidogo kwenye kibubu atatua mzigo wa muda mrefu.

Onyo moja. Flati usizikate hovyo na usizizungushe kwenye kikazio zikiwa bado nene. Utepe hupasuka, na uzi wa gharama umekwisha kabla ya noti ya kwanza. Kwa flati, urefu sahihi ni lazima.

Nailoni

Ndani ni chuma kama kawaida, juu kuna utepe wa nailoni, mara nyingi mweusi. Pikapu za sumaku, vile vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi, zinasoma chuma cha ndani, kwa hiyo zinafanya kazi kwenye besi yoyote ya umeme.

*Sauti.* Inasogea kuelekea besi kubwa ya mbao ya kusimama: "tumm" yenye pumzi, mwanzo laini. Inashangaza kwamba nyingi zina uhai zaidi ya flati kwa juu. Nzuri sana kwa kupiga bila ngoma kubwa, nyumbani au kwenye ibada ndogo.

*Mkono.* Ndizo rafiki kuliko zote kwa ngozi. Mwanafunzi mwenye malengelenge, au mtu mzima mwenye maumivu ya viungo, aanzie hapa. Lakini huwa na mvutano mdogo, na kwenye inchi 30 baadhi zinalegea kiasi cha kuudhi. Pia ni nene: seti moja maarufu ya La Bella ya besi ndefu ni 60-115. Mifereji ya nati inaweza kukataa, na kuipanua ni kazi ya fundi mwenye tupa ndogo. Mfereji ukishapanuliwa haurudi, hivyo uwe na uhakika unazitaka.

*Umri.* Kwa jasho la pwani, nailoni haiogopi kitu. Zinakaa miaka.

*Mfuko.* Bei iko jirani na flati. Kuzipata za besi fupi ndiyo kazi.

Njia za kupunguza makali ya bei

Kukata nyuzi za besi ndefu inawezekana kwa raundi, si kwa flati. Siri ambayo hakuna aliyeniambia siku ile ni kukunja kwanza: vuta uzi hadi kwenye kikazio, ongeza sentimita kumi hivi, ukunje kwa pembe kali, kisha kata *baada* ya kona. Kona hiyo ndiyo inayoubana waya wa nje usifunguke. Hata hivyo angalia kama tundu na mfereji wa kikazio chako vinaupokea uzi mnene. Besi za watoto nyingi zina vikazio vyembamba. Kama havipokei, usilazimishe.

Kusafisha nako kunasaidia raundi tu. Wengi wanachemsha kwa dakika kumi. Inafanya kazi, ila maji yakibaki ndani ya mizunguko kutu inaanzia hapo hapo. Mimi natumia spiriti ya duka la dawa: bomba la plastiki lililozibwa upande mmoja, nyuzi zinalala humo usiku kucha mbali na moto na watoto, asubuhi nazifuta na kuzianika. Mng'ao unarudi kwa wiki chache. Usifanye mara nyingi, maana kila ukilegeza na kukaza kiini kinachoka palepale penye kona. Nailoni usizitie kwenye spiriti.

Nunua uzi mmoja mmoja inapowezekana. E na A ndizo zinazokufa mapema. G yako pengine bado ina mwaka. Na ukiagiza nje, agizeni wanne watano kwa pamoja, kwa kuwa nauli ya pakiti moja inaweza kufikia bei ya pakiti yenyewe. Kama kuna ndugu anakuja kutoka Ulaya au Muscat, seti nne hazijazi hata mfuko wa pembeni wa begi lake.

Lililo rahisi kuliko yote ni kitambaa kikavu cha pamba ndani ya mfuko wa besi. Osha mikono kabla ya kupiga, futa kila uzi juu na chini baada ya kupiga. Mwanafunzi wangu mmoja alianza tabia hiyo na nikeli zake zikakaa zaidi ya mara mbili ya za mwenzake mwenye besi ileile.

Ukibadilisha aina, hasa kutoka nikeli kwenda flati au kutoka flati kwenda nailoni, mvuto kwenye shingo unabadilika na shingo itapinda kidogo upande mmoja au mwingine. Tenga fedha ya fundi kurekebisha fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo na kimo cha daraja. Isipotengwa, utazilaumu nyuzi bure.

Kwa hali yako

Mtoto au anayeanza, besi ya inchi 30 au Mikro, fedha kidogo: nikeli za besi fupi. Kwa Mikro usishuke chini ya 45-105, la sivyo E italala. Akilia vidole na fedha ipo, nailoni.

Unapiga kwaya au taarabu kila wiki, na besi ni moja tu: weka akiba ya flati zenye urefu sahihi, na hadi zitimie endelea na nikeli unazozifuta.

Unapiga dansi usiku mzima, sebene kila dakika kumi: nikeli 50-105, na seti ya pili ikipumzika kwenye spiriti.

Mikono yako inatoa jasho linalokula chuma: chuma cha pua kama freti zako ni ngumu, flati kama ni laini.

Una Höfner au besi yoyote yenye mkia wa chuma: usinunue chochote kabla ya kupima kuanzia mkiani, na mtumie muuzaji vipimo vyote vitatu.

Onyesho ni kesho na dukani kuna nyuzi za besi ndefu tu: chukua nikeli, kunja kwanza, kata baada ya kona, na uzi wa zamani wa E uuweke kwenye begi.